Vitabu vya Ijumaa

Kitabu cha kwanza sikukishuku. Kilikuwa cha mwanambuzi aliyeachwa sokoni, chenye jalada la kijani na harufu ya gundi, nacho kilifika nyumbani Ijumaa moja ya mwezi wa pili, mwaka elfu mbili, ndani ya mfuko wa kaki ulioshonwa jina la mwanangu Leonia kwa uzi mwekundu. Kila mtoto wa chekechea yetu pale Gungu alikuwa na mfuko kama huo. Mwalimu alimchagulia kila mmoja kitabu, mzazi akamsomea mwisho wa juma, na Jumatatu watoto walikaa kwenye mkeka, kila mmoja akasimulia alichosomewa nyumbani. Ndivyo Mwalimu Elinipa alivyopanga kazi yake, na wazazi wenzangu walimsifu sana. Mimi si mwepesi wa kusifu.

Jina langu Domitila. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini katika masjala ya bandari ya Kigoma, kazi ya kusoma karatasi za watu na kutafuta mahali walipodanganya. Mume wangu Isaka, fundi wa reli, alikuwa akisema hata padri akinisalimia nauliza ana maana gani. Alisema kweli. Lakini Isaka ni mtu wa Tabora. Hajawahi kusimamishwa njiani akaambiwa ataje alizaliwa kijiji gani, mwenyekiti wake nani, na mbona anaongea kama Mrundi. Mimi Mha wa kwetu kabisa nimesimamishwa mara tatu. Miaka ile watu walivuka kutoka Burundi na Kongo kwa maelfu, na mgambo walipita nyumba kwa nyumba kutafuta waliokaa mjini badala ya kambini. Usipokuwa na shaka miaka kama hiyo, una kasoro mahali.

Tena nilikuwa na la kuficha.

Leonia sikumzaa. Mwishoni mwa mwaka tisini na sita nilishuka Katonga asubuhi kununua samaki aina ya migebuka, nikakuta ufuko umejaa watu wa boti za Kongo, wengine wamelowa hadi kifuani. Mwanamke mmoja, mrefu, ana mtoto mwingine mkubwa bado majini, alinitazama usoni mara moja tu kisha akanipa kichanga. "Mama, unishikiye mutoto, minakuya sasa hivi." Akarudi majini. Watu wakasukumana, malori yakaja, askari wakapiga filimbi, watu wakapakiwa kwenda kambini. Nilisimama pale pale na yule mtoto hadi saa kumi jioni. Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku tisa baada ya hapo. Siku ya kumi na tatu sikwenda. Mtoto alikuwa ameanza kucheka akiniona, nami nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na tumbo langu halijawahi kushika mimba. Niliwaambia majirani ni mtoto wa marehemu mdogo wangu wa Kasulu. Sikumwandikisha serikalini wala kwenye shirika la wakimbizi.

Sasa turudi kwa mwanambuzi. Tulikaa barazani Jumamosi alasiri, Leonia kaniegemea tumboni, anafuata kidole changu. Mwanambuzi akasahauliwa, soko likafungwa, akabaki analia. Nikafungua ukurasa uliofuata, na pale mama mbuzi alikuwa anazunguka mji mzima akimwita mwanawe kwa jina. Nikaunganisha kurasa mbili, nikazigeuza pamoja, nikasoma kisichoandikwa.

"Basi mwanambuzi akaenda kuishi kwa bata, wakala, wakashiba."

"Bata wa nani?"

"Wa jirani."

"Na mama yake?"

"Hakuwa na mama. Mbuzi wengine hawana."

Leonia akakubali. Mtoto asiyetimiza miaka minne anakubali mambo mengi ukiyasema kwa sauti ya kusoma.

Ijumaa iliyofuata kikaja kitabu cha msichana aliyepelekwa kukaa kwa shangazi. Nilikipitia kwanza peke yangu jikoni, kama ninavyopitia hati za mizigo. Mwishoni mama anakuja kumchukua, wanakumbatiana langoni. Nikambadilishia: shangazi ndiye mama, na yule aliyekuja langoni ni muuza mkaa. Lakini safari hii niliona jambo jingine. Kitabu hiki kilikuwa na maneno machache kuliko cha kwanza, na picha kubwa zaidi. Sikulipa uzito.

Cha tatu kilikuwa cha boti.

Sentensi moja tu kila ukurasa. Boti imejaa. Boti inavuka ziwa. Watu wanashuka. Wengine wote walipewa sungura na tembo; mtoto wa Agnesi, wa nyumba ya tatu, alikuwa na kitabu kinene cha fisi mlafi, nilikiona kwa macho yangu. Leonia wangu, katika watoto ishirini na sita, ndiye aliyechaguliwa boti. Machale yakanicheza.

Nikaenda kwa jirani yangu Mwanvua, mtu wa Ujiji kwa baba na kwa mama, anayeuza mawese mlangoni kwake na kumsuka Leonia nywele kila Jumatano. Mwanvua anajua habari kabla hazijatokea. Nilimuuliza kama kwa mzaha, eti huyu mwalimu mgeni ni mtu wa wapi.

"Mpare wa Same," akasema, huku anakinga mawese kwenye chupa. "Ila shoga, mimi simwelewi. Kila Alhamisi anapanda lile gari jeupe la shirika la wakimbizi. Anashuka nalo Bangwe, anarudi nalo na maboksi. Mwalimu wa chekechea na wakimbizi wapi na wapi?"

"Maboksi ya nini?"

"Nitajuaje? Lakini wale watu wana ujanja. Nimesikia wanamwonyesha mtoto picha. Hawamuulizi kitu. Picha ya boti, picha ya maji. Mtoto akilia tu, wameshajua alikotoka." Akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Wewe huna la kuogopa lakini. Wako si wa Kasulu?"

"Wa Kasulu," nikasema.

Nilirudi nyumbani. Kila kitu kikaanza kujipanga kichwani. Siku ya kuandikisha, Mwalimu Elinipa aliniuliza Leonia alizaliwa hospitali gani, na nilipojibu nyumbani, alitikisa kichwa polepole kama mtu anayeweka jibu mfukoni. Jumatatu, watoto wakisimulia, alikuwa anaandika kwenye daftari. Nani anaandika maneno ya mtoto asiyetimiza miaka minne? Mwandishi wa polisi ndiye anaandika.

Nilimweleza Isaka. Alikuwa anavua viatu vya kazi, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Labda ni vitabu tu, Domi."

"Kwa nini vinapungua maneno?"

"Mtoto mdogo."

"Wa Agnesi si mdogo? Mbona yeye anapewa fisi wa kurasa thelathini?"

Isaka alisema kitu kimoja tu, na kilinikera kwa sababu hakikuwa cha kubishana: "Huyo mwalimu humwogopi. Unaogopa kwamba ana haki ya kuuliza."

Nikampa kisogo siku mbili.

Ijumaa ya nne nilifungua mfuko pale pale njiani, nikakuta kitabu kisicho na neno hata moja. Nilikigeuza mbele na nyuma. Picha tupu: maji, boti, watu wanashuka na mafurushi, mwanamke ana mtoto mgongoni. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Kitabu chenye maneno kinasema chenyewe. Kitabu kisicho na maneno anayesema ni wewe. Walitaka nikae na mtoto barazani nimweleze kwa mdomo wangu mwenyewe watu hawa ni nani na wametoka wapi, na Jumatatu aende ayarudie yote mbele ya daftari.

Nilijaribu kidogo, maana Leonia alikishika hakutaka kukiachia.

"Hawa wanakwenda harusini," nikamwambia.

"Mbona hawana viatu?"

"Viatu vimo kwenye furushi. Wanaogopa visilowe."

"Mbona huyu analia?"

"Moshi wa injini."

Alinitazama, akatazama picha. Sikupenda alivyonitazama. Nikakichukua kile kitabu nikakifungia kabatini, na Jumapili, ili asikose kusomewa, nikamsomea nilichokuwa nacho kwenye mkoba wa kazi, hati ya shehena ya meli ya Kalemie. Nilimsomea kwa madoido. Magunia mia mbili ya chumvi! Mabati mafungu arobaini! Saruji, uzito wake tani sita, imelowa upande mmoja! Alicheka hadi akashika tumbo, akataka nirudie saruji mara tatu. Nikasema moyoni, haya, nendeni mkaandike hayo.

Kweli waliandika. Jumatano mlinzi wa shule aliniletea karatasi iliyokunjwa vizuri: Mama Leonia, tafadhali nione Ijumaa watoto wakitoka, tuzungumze sisi wawili. Elinipa.

Siku zile mbili sikula vizuri. Kazini nilipitisha hati moja yenye makosa, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea. Nilifikiria kumpeleka Leonia kweli kweli Kasulu, kwa kaka yangu Feliksi, aanze shule kule kwa jina jingine. Nilitoa begi chini ya kitanda, nikatia gauni zake mbili na sweta. Isaka aliliona begi, akalirudisha chini ya kitanda, nami nikalitoa tena.

Ijumaa nilifika mapema. Mwalimu Elinipa alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na saba, mwembamba, ana sauti ya chini ya watu waliolelewa milimani. "Shikamoo mama," akasema, akanivutia kiti cha watu wazima, yeye akakaa kile kidogo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Leonia alikuwa amebaki ndani peke yake, upande wa pili wa chumba, kwenye maboksi ya vitabu. Mfuko wake ulikuwa begani tayari.

"Mama Leonia, nisamehe kwa nitakalosema. Sitaki kukuaibisha."

"Sema."

"Mambo kama haya hayana aibu. Hata mama yangu mzazi alikuwa hivyo hivyo hadi juzi juzi."

Nikamkazia macho. Hadi leo sijui uso wangu ulisema nini.

"Kuna darasa la jioni," akaendelea, haraka sasa, "hapo kwenye ukumbi wa kata. Akina mama kumi na mmoja. Wanaanza na herufi, polepole, hakuna anayechekwa. Nimeona nikuchagulie vitabu vyenye picha nyingi zaidi ili isiwe taabu kwako, na cha wiki iliyopita hakina maneno kabisa, nikadhani hicho utakiweza. Lakini Jumatatu Leonia amesema kilikuwa kinahusu saruji."

Ilinichukua muda kuelewa nimeambiwa nini. Halafu damu ikanipanda kichwani.

"Mimi?" Nikasimama. "Mimi sijui kusoma? Miaka kumi na tisa masjala! Mkuu wa bandari haweki sahihi kabla Domitila hajasoma!" Ukutani kulikuwa na tangazo refu la wilaya kuhusu kipindupindu, maandishi madogo madogo. Nikalisoma lote, kwa sauti, tangu kichwa hadi muhuri, bila kupumua, na namba ya kumbukumbu nikaitaja, na kosa lililokuwa mstari wa saba nikamwonyesha kwa kidole. Nilipomaliza nilikuwa natweta.

Mwalimu Elinipa alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. "Nisamehe sana, mama. Nisamehe mno. Nilifikiri tu, kwa sababu kila Jumatatu alikuja na hadithi isiyomo kwenye kitabu." Nikaona wazo linamjia, taratibu, nami sikuwa na pa kulizuia. "Sasa kama unasoma vizuri hivi," akasema, "kwa nini unazibadilisha?"

Ndipo nilipojua nimejikamata mwenyewe. Ningekubali kuwa sijui kusoma, ningetoka pale nikapewa penseli na daftari, na siri yangu ingelala salama. Kiburi changu kilikataa.

Alifungua lile daftari lake. Hakulificha, aliligeuza ili nami nione. Majina ya watoto wote yalikuwemo, na chini ya kila jina maneno yao, na mapya waliyojifunza yamepigiwa mstari. Aliyaandika ili ajue nani achaguliwe kitabu gani. Kwa Leonia palikuwa na bata wa jirani, muuza mkaa na watu wa boti wanaokwenda harusini. Aliyapitia kwa kidole, akarudi mwanzo, akapitia tena.

"Katika hadithi zako zote," akasema kwa sauti ile ya chini, "hakuna mama anayerudi."

Nikaita, "Leonia! Twende!" Akaja mbio na mfuko wake, nikamshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, tukatoka. Njia nzima niligeuka nyuma nikidhani nitaona gari jeupe.

Nyumbani nilifungua mfuko, na nilichokuta kilinifanya nikae chini. Hakikuwa kitabu cha hadithi. Kilikuwa kinene, karatasi nyepesi, jalada jeupe lenye nembo ya shirika. Ndani, kila ukurasa, picha tisa za watoto, kifua na uso, na chini ya kila picha namba. Watoto waliopotezana na wazazi wao. Nilikuwa nimesikia kwamba kitabu hicho kipo, kwamba kinapelekwa kambi hadi kambi na ng'ambo pia. Sikuwahi kukiona, kwa kuwa nilikuwa nakikwepa.

"Umeona?" nikamwambia Isaka. "Umeona sasa? Vitabu tu, eti! Ananitegea hadharani! Anamwekea mtoto kwenye mfuko, nimsomee mimi!"

Isaka alikipokea, akapitisha kurasa chache, akakirudisha mezani kwa uangalifu. "Muulize mtoto."

"Mtoto anajua nini?"

"Muulize."

Leonia alikuwa mlangoni, ameanza kuvuta midomo kama mtu aliyeharibu kitu. "Nimechagua mwenyewe," akasema. "Mwalimu alikuwa anaongea na wewe. Cha kwake nimekirudisha kwenye boksi."

Basi mwalimu hakuweka. Nilipaswa kufarijika, lakini sikufarijika.

Kesho yake alasiri alikuja nacho barazani. Nilikuwa nimekificha juu ya kabati, chini ya masufuria, na sijui Isaka alimshushia saa ngapi. Alipanda mapajani, akanyoosha gauni, akakifungua.

"Nisomee."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ulikuja wenyewe kwa mazoea. "Hawa ni watoto wa shule moja kubwa sana. Siku moja wakapiga picha, wakala wali, wakarudi—"

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anafunua kurasa mwenyewe, kidole kinatembea juu ya nyuso, uso mmoja, wa pili, wa tatu, anafika chini, anafunua. Hajawahi kutazama kitabu namna ile. Kwa kawaida anashangaa, anauliza, anarudi nyuma. Sasa alikuwa anafanya kazi.

"Leonia, unatafuta nini?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi niko wapi?" Akafunua ukurasa mwingine. "Mwalimu alituambia hawa ni watoto ambao mama zao wanawatafuta. Wakiona picha wanakuja. Bibi Mwanvua alisema mama yangu alishuka kwenye boti akarudi majini. Mimi niko ukurasa gani?"

Mwanvua! Nilikuwa nimemchunguza mwalimu wa watu kwa wiki tano, nikahesabu maneno ya vitabu vyake, nikafunga begi, na kumbe kila Jumatano mwanangu aliketi katikati ya magoti ya mtu anayejua, akisukwa na kusimuliwa. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Hakuna aliyewahi kuamini habari ya Kasulu, walinistahi tu. Nilitaka kuinuka niende nikamwage mawese yake yote barabarani. Lakini Leonia alikuwa mapajani, amefika katikati ya kitabu, na alikuwa ameanza kwenda polepole kwa sababu kurasa zilizobaki zilikuwa zinapungua.

Alifika mwisho. Akakifunga, akakigeuza, akaanza tena mwanzo.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, hauna picha. Aliuruka, nami nikauzuia kwa mkono. "Ngoja," nikasema. "Huu nao unasomwa." Nikausoma kama ulivyoandikwa, neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. "Mzazi, kaa chini. Tazama kila picha bila haraka. Ukimwona mtoto wako, taja namba yake, nasi tutakupeleka alipo. Usipomwona, usikate tamaa, kitabu kingine kitakuja."

Sauti yangu ilikatika hapo kwenye kitabu kingine. Nilimwona yule mwanamke mrefu amekaa mahali fulani, kwenye mkeka, kambini au huko kwao, amewekewa kitabu hiki hiki magotini. Anafunua bila haraka kama alivyoambiwa. Anafika mwisho, anarudi mwanzo. Amefanya hivyo miaka mitatu na ushee. Na kila mara hakuna namba ya kutaja, kwa sababu mimi siku ya kumi na tatu sikwenda Katonga.

Nililia mbele ya mtoto, jambo nisilopenda. Leonia alinipangusa kwa pindo la gauni lake, akauliza kama ni moshi wa injini. Nikasema hapana. Nikamweleza, barazani pale, mchana kweupe, watu wanapita. Nilimweleza kuhusu ufuko, na maji, na mtoto mkubwa aliyekuwa bado majini, na lile neno mama yake aliloniambia. Aliuliza maswali mengi na safari hii nilijibu yote. Aliuliza kama nilimwokota. Nikasema hukuokotwa, ulikabidhiwa.

Jumatatu nilimkuta Mwalimu Elinipa anafungua madirisha. Sikumsalimia vizuri, nilikuwa bado na aibu. Nilimrudishia kitabu nikamuuliza lile gari linapita saa ngapi Alhamisi. Aliniambia saa mbili na nusu, kwamba yeye hulipanda kwa kuwa stoo ya shirika kule Bangwe ndiyo inayowaazima vitabu vya watoto, na kile cha picha kilichanganyika humo kwenye boksi, akakiacha ili wazazi nao wakitazame. Alisema tu, "Nitakushikia nafasi mbili, mama."

Alhamisi hiyo niliomba ruhusa kazini. Kule Bangwe tulipokewa na kijana mmoja wa shirika anaitwa Walter, mpole, ana karatasi nyingi. Nilimweleza yote na yeye akaandika, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuinamisha shingo kusoma mtu anachoandika. Nilimuuliza nililokuwa nimelibeba siku zote zile: mtaniacha naye?

"Ataendelea kukaa kwako, mama. Mpaka atakapotokea mtu wa kutaja namba yake."

"Na akitokea?"

"Akitokea, tutakuja."

Hakunidanganya, nikamheshimu kwa hilo. Nikaweka sahihi.

Wakatutoa uani, kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Kulikuwa na kigoda, na mpiga picha, na ubao mdogo mweusi wenye namba iliyoandikwa kwa chaki. Leonia alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Akakaa, akaushika ule ubao kifuani kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umenishika mimi, na akainua uso vizuri kabisa, kama mtu anayejua nani atautazama. Mpiga picha akainama kwenye kamera yake, kisha akainuka.

"Mama, sogea kidogo. Unaonekana kwenye picha."

Nilijifanya sijasikia. Akarudia, kwa upole. Leonia akanigeukia, akasubiri.

Nikamwachia mkono, nikasogea.